Kanabinoidi na tiba ya maumivu sugu: Busia na Tororo

Kanabinoidi ni kemikali zinazopatikana katika mmea wa bangi, pamoja na zile zinazotengenezwa katika maabara kwa mfano wake. Mbili kuu ni THC, inayolevya, na CBD, isiyolevya. Mwaka 1964 Yechiel Gaoni na Raphael Mechoulam waliitenga THC nchini Israeli. THC hushika vipokezi vya CB1 katika ubongo na uti wa mgongo, ikipunguza nguvu ya ishara za maumivu.

Wagonjwa wa mpakani. Maumivu huitwa sugu yakizidi miezi 3. Wilaya ya Busia ya Uganda ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997, na inapakana na Kaunti ya Busia ya Kenya; Wasamia na Wateso wana ndugu pande zote mbili. Katika ukanda huu selimundu, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu, ni wa kawaida, na virusi vya UKIMWI huwaachia baadhi ya wagonjwa miguu inayowaka moto kwa kuharibika neva.

Ushahidi. Donald Abrams na wenzake, California, walipima hali zote mbili. Mwaka 2007, kati ya wagonjwa 50 wenye maumivu ya neva yatokanayo na virusi, waliovuta bangi walipungukiwa maumivu kwa asilimia 34, na waliopewa bangi isiyo na THC kwa asilimia 17. Mwaka 2020, kwa wagonjwa 23 wa selimundu, nafuu ya maumivu haikuthibitika. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kilikataa kuidhinisha matumizi ya kanabinoidi kwa maumivu kwa sababu ya uhaba wa ushahidi.

Sheria. Uganda, kwa sheria ya 2023, huruhusu kilimo cha bangi kwa leseni na kwa ajili ya tiba tu. Kenya huikataza bangi kwa sheria ya 1994. Hata hivyo, bangi hupitishwa kwa magendo katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba, bila yeyote kujua kiasi cha THC kilichomo. Na dawa isiyojulikana kipimo haiwezi kuandikiwa dozi.

Tiba iliyopo. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza mofini ya kunywa: unga huyeyushwa katika maji, na ile nyepesi hutiwa rangi ya kijani. Hunywewa kila saa 4, na dozi ya usiku huongezwa maradufu ili mgonjwa alale. Tangu 2004 wauguzi wenye mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika, na mgonjwa hupewa bure. Mofini hufaa zaidi maumivu makali, hasa ya saratani. Ya neva huhitaji pia dawa kama amitriptilini.

Mgonjwa anayetumia bangi amweleze muuguzi, kwani ikichanganywa na mofini huzidisha usingizi na kizunguzungu. Muuguzi naye ampokee kama mgonjwa, si mhalifu: mgonjwa akiogopa kushtakiwa ataficha, na dozi yake itakosewa.