Mzigo Usioandikwa: Michembe katika Safari za Wasukuma

Wahenga wa pwani walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bagamoyo iliwaona wapagazi wa bara wakiwasili kwa maelfu katika karne ya 19, kila mmoja na pembe begani au robota la kilo 30 na zaidi, na walioandika habari zao walihesabu pembe na vitambaa kwa uangalifu mkubwa. Lakini mpagazi hakuchukua mali ya tajiri peke yake. Juu ya mzigo ule alifunga mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Pembe ilikuwa na mwenyewe wa kuiandika daftarini. Mfuko wa chakula haukuwa na mwandishi. Nao ndio uliomfikisha.

Ili kuujua mfuko huo yafaa kwenda mahali ulikofungwa. Lagangabilili leo ni makao makuu ya wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na kabla ya hapo mji huo ulikuwa chini ya wilaya ya Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, watu wa kaskazini, kwani ndiyo maana ya jina hilo kwa lugha yao na ya jirani zao Wanyamwezi. Ni nchi ya mbuga, ng'ombe na mvua ya kubahatisha. Masika yakiisha, majani hugeuka rangi ya simba, mito hubaki mchanga, na jua huwaka bila pazia hadi vuli. Jua hilo ndilo mpishi wa kwanza wa chakula cha safari.

Viazi vitamu, ambavyo asili yake ni Amerika, vilipata Usukumani makao kama vile vimezaliwa hapo. Tatizo la kiazi ni kwamba hakiwekeki: kikichimbuliwa huoza, na kikibebwa ni kizito, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji. Wanawake wa Kisukuma walilimaliza tatizo hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumenya kiazi kibichi, kukikata vipande vyembamba na kuvianika juani, juu ya mwamba au mahali palipofagiliwa, mpaka vikauke na kulia kama magome vinaposuguana. Hiyo ndiyo michembe. Ya pili ni kukichemsha kwanza, kisha kukikata na kukianika. Hayo ni matobolwa, nayo huwa magumu, ya rangi ya kahawia, na utamu wake huzidi kwa kukauka.

Kilo tatu za viazi vibichi hutoa kiasi cha kilo moja ya michembe. Theluthi mbili za mzigo zimechukuliwa na jua kabla msafiri hajavuka kizingiti. Matobolwa hayahitaji hata moto. Hutafunwa njiani kama baharia atafunavyo tende. Michembe hutaka chungu na maji: huchemshwa mpaka ilainike, na mwenye karanga zilizotwangwa huzitia, zikaupa mchuzi unono na nguvu. Pamoja nayo hufungwa unga wa mtama au uwele wa kusongea ugali, na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo kwa maji kidogo na chumvi hufufuka yakawa kitoweo. Mafiga matatu huokotwa popote. Basi jiko zima la msafiri lilikuwa chungu kimoja, na chungu hicho walikichangia wenzi kadhaa.

Chumvi nayo ina kisa chake. Vijana wa Kisukuma walikuwa wakisafiri kwa miguu kwenda mashariki hadi Ziwa Eyasi, kukusanya chumvi iliyoganda ufukoni wakati wa kiangazi. Njia ilipita katika nchi kavu ya simba na vifaru, nchi ya Wataturu wafugaji na Wahadza wawindaji, ambako hapakuwa na shamba la kununua chakula. Safari hiyo ilikuwa biashara, na pia mtihani wa kijana. Atakayerudi na chumvi shingoni hawezi kwenda na viazi vibichi; hana budi kubeba chakula chepesi, kinachopungua kila siku, ili mahali pa chakula pachukuliwe na chumvi.

Tena safari hizi na kazi ya kuanika zilikuwa za msimu mmoja. Wapagazi wengi wa Unyamwezi na Usukuma walikuwa wakulima. Walishika njia baada ya mavuno, na waliotaka kulima walijitahidi kurudi kabla ya mvua. Jua lililokausha michembe ndilo lililokausha njia na kushusha mito ipate kuvukika.

Katika misafara mikubwa ya pwani desturi ilikuwa nyingine. Huko mpagazi alipewa posho, na kipimo chake cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama robo tatu ya kilo, au kitambaa na shanga za kununulia. Palipokuwa na vijiji mpango huo ulifaa. Palipokuwa na nyika, kitambaa hakiliwi.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, alisimulia katika maisha yake aliyoyatunga kwa Kiswahili jinsi watu wake walivyoingia Itahua, nchi ya Nsama, wakiwa na njaa kali katika miaka ya 1860. Walichimba muhogo mchungu wakaula bila kuutayarisha. Wakalewa, wakatapika, na wengine wakafa. Muhogo ule ule, ukilowekwa, ukavundikwa na kuanikwa, huwa udaga, chakula cha salama cha mamilioni ya watu. Kati ya mauti na shibe palikosekana maarifa ya mwanamke mmoja wa kijijini na siku chache za jua.

Henry Morton Stanley naye aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na shehena ya vitambaa, shanga na nyaya. Mwanzoni mwa 1875, katika pori lisilo na watu kaskazini ya Ugogo, msafara ukaishiwa chakula. Stanley aliamuru sanduku la bati litolewe vitu vyake, likatiwa kiasi cha lita 100 za maji, unga wa shayiri wa kilo nne na nusu hivi, na makopo manne ya unga wa dengu. Uji huo mwepesi ukagawiwa watu zaidi ya 220, hadi waliotumwa mbele kijiji cha Suna waliporudi na nafaka. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Walionusurika walipofika Usukuma na bonde la mto Simiyu, walikuta nchi ya neema, na tarehe 27 Februari wakatua Kagehyi, kando ya ziwa. Vitambaa vilikuwa vingali vingi katika pori lile. Kilichokosekana ni kanda la chakula kikavu.

Kumbukumbu za safari zimehifadhi majina ya matajiri, viongozi wa misafara na wazungu. Mwanamke aliyeinama juu ya mwamba kiangazi chote, akigeuza vipande vya viazi asubuhi na kuviokoa na umande jioni, hakutajwa, ingawa kazi yake ilikwenda Eyasi na kurudi, na kila jioni ilifunguliwa kambini na kutiwa chunguni. Pwani haina haki ya kumshangaa, kwani yenyewe imejaza majahazi yake ng'onda na papa mkavu kwa karne nyingi, na waliowapasua na kuwatia chumvi hawajulikani pia.

Michembe ingali inaanikwa Usukumani hadi leo. Huuzwa sokoni kwa kopo, huchemshwa kwa karanga, hunywewa chai. Anayeila mezani huenda asijue kwamba ilikatwa nyembamba namna ile kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuibeba.