Moshi Ulioanzia Jikoni

Mgeni anayeshuka Nyeri asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, huvuta pumzi ndefu na kuisifu hewa ya mlimani. Wenyeji waliokulia humo wana kumbukumbu nyingine: macho yanayowasha, na kikohozi cha bibi karibu na moto.

Nyumba ya Kikuyu ya zamani ilikuwa ya mviringo, yenye paa la nyasi na mafiga matatu katikati. Haikuwa na dohani. Moshi ulipenya taratibu kwenye nyasi, ukikausha kuni zilizopangwa darini na kufukuza wadudu. Ulikuwa na kazi yake, ila mama na watoto walilala humo humo.

Kisha ikaja 1954. Serikali ya kikoloni, katika vita vyake na Mau Mau, iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja wa Kenya ya kati na kuwarundika katika vijiji zaidi ya 800. Maboma yaliyotawanyika migongoni mwa vilima yakabanana, kila moja na moto wake. Baadhi ya vijiji hivyo vipo hadi leo, vikiwemo vya Nyeri.

Vipimo vilivyosikika duniani vilitoka karibu na Nanyuki, kwenye ranchi ya Mpala. Watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia watu 345 katika nyumba 55, na matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2001. Kadiri mtu alivyovuta moshi mwingi ndivyo alivyougua zaidi mfumo wa kupumua, lakini hatari ilipanda kwa kasi zaidi chini ya mikrogramu 1,000 hadi 2,000 za vumbi kwa kila mita ya ujazo. Kwa lugha ya jikoni: kupunguza moshi kidogo katika nyumba iliyojaa moshi hakusaidii sana. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu hizo zisizidi 45 kwa wastani wa siku.

Mjini, wapangaji walihamia makaa. Moshi ukapungua, lakini jiko linaloingizwa chumbani usiku wa baridi, madirisha yakiwa yamefungwa, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Barabarani mambo yalikwenda haraka zaidi. Petroli yenye risasi, inayodhuru ubongo wa watoto, iliondolewa kufikia mwanzo wa 2006. Dizeli yenye salfa ndogo ikaingia 2015. Amri mbili za serikali zilitosha kubadilisha kilichomo kwenye tangi la kila matatu ya Karatina.

Sufuria haikupata msimamo kama huo. Kodi ya gesi ya kupikia iliondolewa 2016, ikarudishwa kwa asilimia 16 Julai 2021, katikati ya baridi, ikashushwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikafutwa tena 2023.