Maskini Alivyopata Haki: Ukristo na Mizizi ya Maadili ya Magharibi

Mwezi Juni mwaka 1 KK, mtu mmoja aitwaye Hilarion, aliyekuwa akitafuta riziki Aleksandria, alimwandikia barua mkewe Alis aliyebaki Oxyrhynchus, mji mwingine wa Misri. Barua hiyo, iliyoandikwa kwa Kigiriki kwenye karatasi ya mafunjo, ipo hadi leo. Mume anamtoa mkewe wasiwasi, anamsihi amtunze mtoto wao mdogo, na anaahidi kutuma fedha mara tu atakapolipwa. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, anamwagiza: akijifungua mtoto wa kiume amlee, akiwa wa kike amtupe. Hilarion hakuwa na roho mbaya kuliko jirani zake. Katika ulimwengu wa Wagiriki na Warumi, kumlea au kumtupa mtoto mchanga ulikuwa uamuzi wa mwenye nyumba. Mzungu wa leo, hata yule asiyekanyaga kanisani, husisimkwa mwili akiisoma barua hiyo. Makala hii inadai kwamba hisia hiyo kwa sehemu kubwa ni urithi wa Ukristo. Huruma ilikuwapo duniani kabla ya Kristo. Kazi ya Ukristo ilikuwa kupanua idadi ya wanaostahili kuhurumiwa, kisha kuiwekea huruma hiyo majengo, fedha na sheria.

Warumi hawakukosa ukarimu. Matajiri wao walijenga mabafu na kumbi, wakagharimia michezo na karamu, na majina yao yakachongwa kwenye mawe ili vizazi vijavyo viwasifu. Kaisari Augusto aliacha kumbukumbu kwamba watu waliokuwa wakigawiwa nafaka ya serikali mjini Roma mwaka 2 KK walizidi kidogo 200,000. Lakini kilichompa mtu mgao huo kilikuwa uraia wake. Aliyeandikwa kwenye orodha alipata hata kama ghala lake limejaa. Mgeni na mtumwa walioshinda na njaa hawakuhesabiwa. Umaskini peke yake haukumpa mtu dai lolote. Ukristo uligeuza mpango huo. Kutoka kwa Wayahudi ulirithi fundisho kwamba kila binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na katika Injili ya Mathayo ukafundishwa kwamba anayemlisha mwenye njaa au kumtembelea mgonjwa anamtendea Kristo mwenyewe. Tangu hapo, yule aliyekuwa wa mwisho machoni pa mji akawa wa kwanza katika wajibu wa mwamini.

Fundisho hilo halikubaki mimbarini. Karibu mwaka 369 njaa kali iliikumba Kaisaria ya Kapadokia, mji unaoitwa leo Kayseri, nchini Uturuki. Basili, ambaye muda mfupi baadaye alifanywa askofu wa mji huo, aliwakemea wenye maghala na kusimamia mwenyewe ugawaji wa chakula. Kisha akajenga nje ya mji makazi ya wasafiri, maskini na wagonjwa. Alipolaumiwa kwa ujenzi huo, alimwandikia liwali Elia kujitetea, akataja kinachohitajika mahali kama pale: waganga, wauguzi, wanyama wa kubebea mizigo, mafundi na karakana zao. Hata wenye ukoma, waliokuwa wakifukuzwa na ndugu zao, walipokewa, na askofu hakuona haya kuwakumbatia. Sheria nayo ilibadilika: mnamo mwaka 374 dola ya Roma ilihesabu kuua mtoto mchanga kuwa kosa la kustahili kifo. Tabia ya kutupa watoto haikukoma mara moja, lakini lililokuwa hiari ya baba sasa lilikuwa jinai.

Wapo watakaosema kwamba haya hayakuhitaji Ukristo. Wanafalsafa wa Stoa walifundisha kwamba watu wote wana asili moja, na Seneca aliandika kwamba mtumwa naye ni binadamu. Jeshi la Roma lilikuwa na nyumba za kutibia askari, na sadaka ilikuwa nguzo ya maisha ya Wayahudi tangu zamani. Yote hayo ni kweli, na deni la Ukristo kwa Wayahudi halina budi kukiriwa. Hata hivyo, nyumba za jeshi zilimtibu askari ili arudi vitani, na Stoa haikuacha hospitali hata moja. Shahidi mzuri zaidi ni mpinzani. Kaisari Juliani, aliyeukana Ukristo na kutaka kurudisha ibada za miungu ya kale, alimwandikia kuhani mkuu wa Galatia mwaka 362 kwamba ni aibu Wakristo kuwalisha maskini wao na wa wengine pia. Akaagiza nyumba za wageni zijengwe katika kila mji, akatenga vipimo 30,000 vya ngano kwa mwaka, sehemu kubwa igawiwe wageni na ombaomba. Kama desturi hiyo ingekuwa imeota mizizi katika dini ya kale, Juliani asingelazimika kuiagiza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Wakristo hao hao walimiliki watumwa. Mnamo miaka ya 380 Gregori wa Nisa, mdogo wake Basili, alihubiri kwamba hakuna bei inayoweza kumnunua aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Kanisa halikumfuata. Karne nyingi zilipita, na meli za mataifa ya Kikristo zikavusha mamilioni ya Waafrika Atlantiki wakiwa katika minyororo, huku wahubiri wakitafuta aya za kuhalalisha biashara hiyo. Hatia hiyo haifutiki. Lakini kati ya watu 12 walioanzisha kamati ya kupinga biashara ya watumwa mjini London mwaka 1787, 9 walikuwa Wakristo wa kundi la Wakwekari, na walibishana na Wakristo wenzao kwa maandiko yaleyale. Mila iliyobeba dhambi hiyo ilibeba pia kipimo cha kuihukumu, na ole wake aliyekuwa na kipimo asikitumie.

Wengine watasema kwamba haki za binadamu ni zao la Zama za Mwangaza, zilizopigana na makasisi. Falsafa ya zama hizo iliongeza mambo makubwa, hasa uhuru wa dhamiri, ambao makanisa mara nyingi yaliubana. Ila huduma kwa wanyonge ilikwisha kupita njia yake yenyewe kutoka Kanisani hadi serikalini. Uingereza ilipovunja nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540, maskini walipoteza kimbilio. Sheria ya mwaka 1601 ikazitwisha parokia mzigo wa kutoza kodi ya kuwatunza. Hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo, iliyoanzishwa London mwaka 1123 na mtu wa dini aitwaye Rahere, iliingizwa mwaka 1948 katika huduma ya afya ya taifa, na bado inatibu. Wanaotibiwa humo leo hawaulizwi imani yao. Kwa hiyo mtu anaweza kuuacha Ukristo na bado akaishi kwa maadili yake, na mamilioni ya watu wa Magharibi wanafanya hivyo. Wasichoweza kudai ni kwamba maadili hayo yalijizukia yenyewe. Yalifundishwa, yakagharimiwa na kutetewa kizazi baada ya kizazi. Na jamii inayoyapenda, iwe na dini au isiwe nayo, italazimika kuendelea kuyalipia.