Dari la Jikoni na Chakula cha Wazee

Zamani katika nyumba nyingi za Uluguru, toka vijiji vya juu hata huku Mzinga, ghala na jiko vilikuwa kitu kimoja. Mahindi yaliwekwa darini pamoja na maganda yake, juu ya mafiga, na moshi ukapanda ukayakausha na kuwafukuza fukusi. Mzee asiyeweza tena kwenda shamba alikaa karibu na moto, na chakula chake kilikuwa juu ya kichwa chake. Sisemi kwamba desturi hiyo haikuwa na hatari. Moshi uliharibu macho, na moto ukishika nyasi za paa, nyumba na chakula cha mwaka viliteketea pamoja.

Karibu na mwisho wa miaka ya 1970 akaonekana Tabora mdudu mgeni, asili yake Amerika ya Kati, aitwaye dumuzi. Watu wengine walimwita Skania, kwa jina la lori. Huyu huharibu zaidi mahindi yaliyo bado katika magunzi. Kwa hiyo mabwana shamba wakafundisha watu kupukuchua upesi, kuchanganya dawa ya unga, na kutia katika magunia. Shauri lilikuwa jema, lakini gunia halina moto chini yake. Mahindi yakifungwa kabla ya kukauka huota kuvu, na kuvu nyingine huzaa sumu, ndiyo sumukuvu.

Sumu hiyo ilianza kujulikana kwa ndege. Mwaka 1960 katika Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 (jina lao halihusiani na Mzinga yetu) kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Baadaye ikaja kwa watu. Mwaka 2004 huko Kenya, upande wa mashariki, mahindi yaliwauguza watu 317, wakafa 125. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, waliokufa 20.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kwamba jamaa ndio walezi wa kwanza, na makazi ni kimbilio la mwisho. Lakini wako wazee wasio na jamaa, na mjini Morogoro yako makazi ya Fungafunga kwa ajili yao. Katika jiko la namna hiyo wengi hula chungu kimoja, na gunia moja baya huwafikia wote siku moja. Basi mahindi yenye kuvu si sadaka. Wako wasemao, “Yatapikwa sana.” Moto wa jikoni hauiondoi sumu hii, wala kuyapa kuku si dawa, tumekwisha kusikia habari za wale bata.

Kabla ya kufunga gunia, hutiwa konzi ya mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, ikatikiswa. Chumvi ikishika ubavuni mwa chupa, mahindi hurudishwa juani. Yakisha kukauka, magunia hupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, kwa kuwa sakafu ya saruji nayo hutoa unyevu.