Saa ya Mfukoni na Ajali ya Kipton

Mnamo Aprili 1891, treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, nchini Marekani. Inasimuliwa kuwa saa ya mfukoni ya dereva mmoja ilisimama dakika nne, kisha ikaendelea. Saa iliyokufa kabisa angeigundua. Hii ilionekana nzima.

Sonara Webb C. Ball wa Cleveland akapewa kazi ya kusimamia saa za reli. Saa zenye kifuniko, japo maridadi, zilikataliwa: akrabu zilipaswa kuonekana mara moja. Saa haikuruhusiwa kukosea zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Sharti lililonivutia zaidi ni la kuirekebisha. Mtu alifungua kioo, akavuta kijiti kidogo pembeni, ndipo akageuza kitufe; hivyo akrabu hazikusogea kwa bahati mbaya alipokuwa akiijaza tu.