Maumivu sugu ya neva baada ya jeraha la mkono au mguu

Maumivu sugu ya neva baada ya jeraha ni maumivu ya mkono au mguu yanayoendelea kwa zaidi ya miezi 3 baada ya neva kuumia, hata kama kidonda kimefunga na mfupa umeunga. Chanzo huweza kuwa ajali, risasi, panga, moto au upasuaji. Wagonjwa husema panawaka, panachoma, panapiga shoti. Na la kushangaza, mahali hapohapo huwa pamekufa ganzi. Shuka ikigusa tu mguu, mtu hukosa usingizi.

Miongoni mwa maelezo ya mwanzo yenye kina ni ya daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell, aliyewatibu askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani katika hospitali moja ya Philadelphia. Yeye na wenzake wawili walichapisha kitabu juu ya majeraha ya neva mwaka 1864. Askari wake walitembea na chupa ya maji na kitambaa ili mkono usikauke. Wengine walimimina maji ndani ya buti. Chakarachakara ya gazeti au hatua za mtu akipita wodini ziliwazidishia mateso. Mitchell aliyaita maumivu hayo kausaljia. Mwaka 1994 wataalamu wa kimataifa wa maumivu waliyaweka katika kundi la sindromu changamano ya maumivu ya eneo, lenye aina mbili: ya kwanza haina jeraha la wazi la neva, ya pili inalo. Aina zote mbili huweza kuleta uvimbe, jasho, ngozi kubadilika rangi na joto, na kucha na vinyweleo kuota tofauti na vya upande wa pili. Kwa wengi sindromu hii huanza baada ya kuvunjika kifundo cha mkono, na wanawake hupata zaidi kuliko wanaume.

Neva iliyokatika hujaribu kuota upya, kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Ikikosa njia, ncha zake hujikunja kuwa kinundu kinachotuma ishara za maumivu bila kuchokozwa. Ishara hizo zikidumu, uti wa mgongo na ubongo navyo huwa vyepesi kushtuka, hata mguso wa kawaida ukasomwa kuwa maumivu. Ndiyo maana picha ya eksirei huweza kuwa safi kabisa ilhali mtu anaumia kweli. Kumwambia mgonjwa wa namna hii kwamba anajifanya ni ujinga wa kitabibu. Kukata mkono au mguu nako si tiba ya kutegemea, kwani maumivu huweza kubaki katika kiungo kisichokuwapo tena.

Parasetamoli na dawa kama ibuprofeni husaidia kidogo sana hapa. Zinazotumika zaidi ni amitriptilini, gabapentini, pregabalini na duloksetini. Amitriptilini huanzwa kwa dozi ndogo usiku, mara nyingi miligramu 10 au 25, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake; hukausha mdomo na kuleta usingizi, na haimfai kila mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho. Kwa kuwa ni dawa ya zamani ya sonona, wapo wanaosoma karatasi ya ndani ya pakiti wakadhani daktari amewaona wana wazimu. Sivyo: hutuliza pia njia za maumivu. Dawa hizi nne hazikatizwi ghafla.

Hata hivyo, dawa peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi hukosea. Mkono unaouma hufichwa, hufunikwa, haufanyi kazi. Misuli hunyong'onyea, viungo hukakamaa, maumivu huongezeka. Mtaalamu wa fiziotherapia humzoesha mgonjwa mguso kidogokidogo: dakika chache mara kadhaa kwa siku, kwanza kwa pamba, kisha kanga iliyolainika kwa kufuliwa, kisha taulo, mwisho kuzamisha mkono katika beseni la mchele mkavu. Kazi za nyumbani hugawanywa kwa muda uliopangwa. Mtu aache kazi saa ya mapumziko ikifika, asingoje maumivu yamshinde, wala siku ya nafuu asifue nguo za wiki nzima. Wengine husaidiwa na kioo kilichosimamishwa katikati ya mikono miwili: mgonjwa akichezesha mkono mzima na kutazama taswira yake, ubongo huuona mkono mbovu ukisogea bila maumivu.

Kukanda kwa maji ya moto, dawa ya karibu kila nyumba kwetu, ni hatari penye ganzi: ngozi hubabuka na mwenyewe asijue. Barafu nayo haifai. Kuchuliwa kwa nguvu na mganga wa mifupa huweza kuchochea uvimbe.

Nafuu huwa kubwa zaidi matibabu yakianza mapema. Aliyefungwa plasta ngumu au banzi, akiona vidole vinavimba, vinakuwa baridi au vyeusi, au maumivu yanapanda badala ya kushuka, asingoje tarehe ya kliniki. Arudi hospitali siku hiyohiyo.