Mpiga Picha wa Lubumbashi

Msomaji, ukisimama Boito asubuhi na kuyatazama mashamba ya chai yanavyoteremka mpaka kupotea katika ukungu, huenda usikumbuke kwamba uzuri huo wote ulitoka katika mikono ya watu. Makampuni makubwa yalianza kupanda chai katika nchi ya Kericho katika miaka ya 1920. Siku zile mwanamume Mwafrika hakuweza kutoka kwao kutafuta kazi bila ya kipande, yaani cheti chenye alama za vidole vyake, alichokivaa shingoni katika kikasha cha bati. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikatekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kipande hakikuondolewa hata mwaka 1947. Jina la mtu liliandikwa humo, lakini lililotakiwa hasa ni kujua mwili ule ni wa nani, na unamtumikia nani.

Nimeyataja hayo kwa kuwa yuko msanii aliyeishughulikia habari ya namna hiyo kwa kamera. Si mtu wa Kericho. Ni Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978 huko Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani pia. Kwetu mwili wa mfanyakazi ulitumikia chai. Kwao ulitumikia shaba.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji, ulioitwa Elisabethville, ulianza mwaka 1910 kwa ajili ya shaba hiyo. Vibarua waliletwa kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Hawakuwa na lugha moja. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kazini, na watoto wao wakazaliwa wakiwa watu wa mji. Kampuni ilipiga picha za kila kitu: mitambo, nyumba, mabwana wakubwa, na wafanyakazi waliopangwa mistari mbele ya kamera. Picha zile zilikuwa kama daftari la mali. Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma wakitaka nyongeza ya mshahara, askari waliwapiga risasi, wakafa watu wengi.

Baada ya kampuni kutaifishwa na kupewa jina la Gécamines, kazi iliendelea kwa miaka mingi, kisha katika miaka ya 1990 ikaanguka. Mabanda yakabaki matupu, mashine zikala kutu. Baloji aliingia katika ghala la kumbukumbu za kampuni, akazikuta picha za kale. Mwaka 2006 akatoa mfululizo aliouita Mémoire, maana yake kumbukumbu. Aliwakata watu wale wa rangi nyeusi na nyeupe kutoka katika picha zao, akawasimamisha juu ya picha za rangi za magofu ya leo. Watazame, msomaji. Hawako katika daftari tena. Wamesimama mahali walipotoa jasho, kama wenye shamba waliorudi kukagua mavuno na kukuta ghala tupu, nao wanakukazia macho wewe.

Katika kazi nyingine, ya mwaka 2013, aligusa habari ya afya. Wakati wa ukoloni, mji ulitenganishwa na ukanda mtupu kati ya makao ya Wazungu na mitaa ya Waafrika, wenye upana uliodhaniwa kumshinda mbu kuuruka. Tena palikuwa na wakati ambapo mfanyakazi alitakiwa alete nzi 50 kabla ya kupewa posho yake ya chakula. Baloji akaweka picha za mji zilizopigwa kutoka angani kando ya picha za wadudu waliochomwa pini katika masanduku ya makumbusho. Tusidhulumu katika hukumu: hospitali za kampuni ziliokoa maisha ya wengi. Walakini dawa iliyomponya mtu ilimwonyesha pia kwamba yeye mwenyewe amehesabiwa pamoja na wadudu.

Kuna na jambo la chale. Mababu wa Kongo walichanja ngozi zao, na kila nakshi ilieleza mtu ni wa ukoo gani na amefikia daraja gani. Chale nyingine, kama ujuavyo, huchanjwa ili dawa ipakwe ndani. Wazee wa Kipsigis nao walikuwa na ndewe zao ndefu masikioni. Wageni walizipiga picha alama za namna hii kama mambo ya ajabu. Baloji amezichonga nakshi za chale juu ya mabamba ya shaba, na mwaka 2015 kazi yake ya shaba ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake bora: madini yaliyowatoa watu makwao yamechanjwa alama za ukoo wao.

Hakuishia katika sanaa ya peke yake. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha Lubumbashi chama cha wasanii, wakakipa jina la Kiswahili kitupu: Picha. Tangu hapo, takriban kila baada ya miaka miwili, chama hicho huandaa maonyesho papo hapo mjini.